Volkano ya Peru Iliyoangusha Kiti cha Moscow

Wasee, kuna swali halichoki kurudi kila mahali vijana wanabishana kuhusu mambo ya dunia. Siku Yellowstone ikilipuka, Marekani itabaki kuwa Marekani? Wengi hujibu haraka haraka. Ati majivu yatafunika majimbo yote, dola itakuwa karatasi ya kufungia njugu, na kesho yake China inaamka ikiwa mkubwa wa dunia. Story imeisha.

Mimi naona jibu hilo limeruka hatua nyingi katikati. Chuo sikumaliza, niliachia mwaka wa pili, lakini kusoma historia sikuacha. Na historia ina kesi moja inayojibu swali hili vizuri kuliko filamu zote za Hollywood. Ni kesi ya volkano iliyolipuka Peru na kuangusha familia ya kifalme Moscow. Ndiyo, Moscow ya Urusi. Tulia nikupe mambo kwa mpangilio.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jina supavolkano. Wanasayansi hulitumia kwa volkano ambayo imewahi kutapika zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za mawe na majivu kwa mlipuko mmoja. Yellowstone imefanya hivyo miaka milioni 2.1 iliyopita, na tena miaka kama 640,000 iliyopita. Toba ya Indonesia ilifanya hivyo miaka kama 74,000 iliyopita, na chembe za majivu yake zimepatikana mpaka kwenye tope la chini ya Ziwa Malawi. Ya mwisho kabisa ni Taupo ya New Zealand, miaka kama 26,000 iliyopita. Sasa angalia hizo tarehe vizuri. Wakati huo hakukuwa na serikali, hakukuwa na jeshi, hakukuwa na mtu wa kuitwa rais. Kwa hivyo hakuna taifa hata moja ambalo limewahi kufanya mtihani wa supavolkano. Yeyote anayekuambia anajua matokeo anakisia.

Kitu tunachoweza kufanya ni kuangalia milipuko midogo kuliko hiyo, iliyotokea wakati mataifa yapo na watu wanaandika. Na hapo ndipo tunafika Peru.

Tarehe 19 Februari 1600, mlima unaoitwa Huaynaputina, kusini mwa Peru, ulilipuka. Mpaka leo ndio mlipuko mkubwa zaidi unaojulikana Amerika Kusini tangu watu waanze kuandika historia huko. Vijiji vilivyokuwa karibu vilizikwa, zaidi ya watu 1,000 wakafa, na mji wa Arequipa, kama kilomita 75 kutoka hapo, ukafunikwa na majivu. Mashamba ya mizabibu ya Moquegua yaliharibika vibaya. Mlipuko ukaendelea mpaka mwezi wa tatu. Lakini ukiuweka kando ya Yellowstone ya zamani, huo ni mtoto. Ulitapika kama kilomita za ujazo 30 tu.

Majivu ni shida ya majirani. Baada ya siku ama wiki yanaanguka na mambo yao yanaisha. Shida ya dunia nzima ni gesi ya salfa. Mlipuko mkubwa huirusha juu sana, juu ya mawingu, mahali mvua haifiki, kwa hivyo hakuna kitu cha kuiosha. Huko juu inageuka kuwa vitone vidogo vya asidi ambavyo vinazunguka dunia kama pazia jembamba na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani. Pazia hilo hukaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Joto la wastani la dunia linashuka, mara nyingi hata chini ya nyuzi moja.

Utasema nyuzi moja ni nini, bana. Muulize mkulima wa chai wa Kericho ama Limuru akuonyeshe shamba lililochomwa na baridi ya usiku mmoja. Sasa mfikirie mkulima wa karibu na Moscow, ambaye msimu wake wote wa kulima ni miezi mitano hivi kabla theluji irudi. Yeye hana nafasi ya kupoteza hata wiki mbili.

Pete za miti ya zamani zinaonyesha kwamba kiangazi cha 1601 kilikuwa kati ya vile vya baridi zaidi katika nusu ya kaskazini ya dunia kwa miaka 600. Urusi ilipata mvua kiangazi kizima, na mwezi wa nane, kabla ya kuvuna, baridi ikaja na kuua mazao shambani. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa rai, nafaka ya jamii ya ngano ambayo kwa kawaida huvumilia baridi. Hata hiyo ilishindwa. Waliokuwa na mbegu wakazipanda na zikakataa. Wasio na mbegu walikuwa wameshazila. 1602 ikawa mbaya tena. Mwaka wa 1603 hali ya hewa ilianza kupoa, lakini utapanda nini na mbegu ulikula?

Bei ya nafaka ilipanda zaidi ya mara kumi. Mtawa mmoja wa wakati huo, Avraamy Palitsyn, aliandika kwamba watu 127,000 walizikwa katika makaburi ya jumla Moscow peke yake. Kwa nchi nzima, makadirio mengine yanafika theluthi ya watu wote. Theluthi. Chukua watu watatu unaowapenda kisha utoe mmoja.

Sasa ingia kwenye siasa, maana hapo ndipo somo lilipo.

Mfalme wa Urusi wakati huo, au kama walivyomwita, tsari, alikuwa Boris Godunov. Huyu hakuzaliwa kwenye ukoo wa kifalme. Alikuwa shemeji ya tsari Fyodor, na Fyodor alipokufa mwaka wa 1598 bila mrithi, baraza kubwa la nchi likamchagua Boris. Fyodor alikuwa na ndugu mdogo, Dmitry, ambaye alikufa mwaka wa 1591 akiwa na miaka 8 katika mji wa Uglich, kwa jeraha la kisu shingoni. Uchunguzi rasmi ulisema ni ajali. Mtaani watu walisema Boris ndiye alimmaliza mtoto.

Miaka ya shibe, uvumi kama huo unabaki kuwa uvumi. Watu wanauzungumza wakinywa, wanarudi nyumbani kulala. Njaa ilipoingia, uvumi ukageuka kuwa maelezo. Watu walianza kusema Mungu anaadhibu nchi juu inatawaliwa na mwenye dhambi. Hakuna aliyejua kuna mlima umelipuka Peru. Ukitafuta sababu ya baridi na huioni, utamwangalia aliyekaa kwenye kiti.

Na Boris hakukaa bure, tumpe haki yake. Alifungua maghala ya serikali. Alipanga bei ya nafaka kwa amri. Aligawa pesa kwa maskini wa Moscow. Mwaka wa 1601 na 1602 alilegeza kidogo sheria zilizowafunga wakulima kwa mabwana wao, ili wengine waweze kuhama. Kwa karatasi, huo ni mpango mzuri kuliko serikali nyingi za wakati huo.

Lakini angalia kilichofuata. Habari za pesa za bure ziliposambaa, maelfu ya watu wakatoka vijijini kuja Moscow, na mji ambao haukuwa na chakula cha kutosha ukapata midomo zaidi. Bei ikipangwa kwa amri, wenye nafaka wanaificha. Mabwana wakubwa, wafanyabiashara na hata nyumba za watawa walikaa na magunia wakisubiri bei ipande zaidi. Wengine waliwafukuza watumwa wao ili wasiwalishe, wala hawakuwapa karatasi za uhuru, kwa hivyo hakuna mtu mwingine angewachukua. Hao waliofukuzwa, wengine walikuwa wamefunzwa kushika silaha, wakaingia misituni. Mwaka wa 1603 kundi moja kubwa chini ya kiongozi anayeitwa Khlopko lilipigana na jeshi la serikali karibu na Moscow yenyewe na kumuua kamanda wake. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na hapo walikuwa sahihi kabisa.

Kisha akatokea jamaa mmoja Poland akidai yeye ndiye Dmitry, yule mtoto wa Uglich, ati hakufa. Wanahistoria wengi wanaamini alikuwa mtawa mtoro. Mwezi wa kumi 1604 aliingia Urusi na jeshi dogo lililokusanywa kwa msaada wa mabwana wa Poland. Kwa hesabu ya kijeshi, huyo angepigwa wiki mbili na arudi kwao. Kweli alishindwa vita. Lakini miji ya kusini, iliyojaa watu waliokimbia njaa, ikawa inamfungulia milango mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa nne 1605 Boris akafa ghafla. Mwanawe Fyodor, kijana wa miaka 16, alikaa kwenye kiti kama wiki saba hivi, akauawa pamoja na mama yake. Yule aliyejiita Dmitry akaingia Moscow na kuvikwa taji.

Chini ya mwaka mmoja baadaye naye akauawa. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulichomwa na majivu yake yakapakiwa kwenye mzinga, yakafyatuliwa kuelekea Poland alikotoka. Baada yake akaja tsari mwingine, na Dmitry wa uongo mwingine. Mwaka wa 1610 jeshi la Poland likaingia Kremlin. Mwaka wa 1611 Wasweden wakachukua Novgorod. Nchi nzima karibu ipotee kwenye ramani.

Iliokolewa na watu wa kawaida. Kuzma Minin, mfanyabiashara wa nyama kutoka Nizhny Novgorod, alichangisha pesa, mwanajeshi Dmitry Pozharsky akaongoza, na mwaka wa 1612 Wapoland wakatolewa Moscow. Mwaka uliofuata wakamchagua kijana wa miaka 16, Mikhail Romanov. Ukoo wake ulikaa mpaka 1917.

Lakini bili ilibaki. Mwaka wa 1617, kwa mkataba wa Stolbovo, Urusi ilipoteza pwani yake yote ya Bahari ya Baltiki kwa Sweden. Mwaka wa 1618 ikaachia Smolensk kwa Poland. Nchi kubwa hivyo, bila mlango wa kufanya biashara na Ulaya kupitia Baltiki, mpaka Peter Mkuu alipokuja kuupigania na kuanza kujenga St. Petersburg mwaka wa 1703. Hesabu mwenyewe: miaka 86. Vizazi vitatu vya Warusi viliishi bila bahari hiyo kwa mambo yaliyoanza na viangazi vibovu.

Hapa sitaki mtu aende kusema volkano peke yake iliangusha Urusi. Nchi ilikuwa imechoka kabla. Ivan wa Kutisha alipigana vita vya Livonia kwa miaka 25 na akashindwa, na njiani akawaua na kuwanyang'anya mali watu wake mwenyewe. Wakulima walikuwa wameshaanza kufungwa kwenye ardhi za mabwana. Volkano ilikuta ukuta wenye nyufa, ikausukuma.

Na ushahidi wa hilo uko kwa Uhispania. Kumbuka Peru ilikuwa koloni lake. Mlima ulilipuka ndani ya boma la mfalme wa Uhispania, majivu yakaanguka kwenye mashamba yake, waliokufa walikuwa watu aliowatawala. Kiti cha Madrid kilitikisika? Hata kidogo. Fedha ya Potosí iliendelea kupakiwa melini, na chakula cha Madrid hakikutoka Arequipa. Walioumia ni wenyeji wa mlimani, na hao hawakuwa na sauti Madrid. Mwenye volkano alibaki mkubwa wa dunia kwa miaka mingine, na mtu aliye zaidi ya kilomita 12,000 kutoka hapo ndiye alipoteza taji.

Kwa hivyo turudi Yellowstone na hesabu hii mkononi. Ikilipuka kwa ukubwa wake wote, maeneo ya karibu yatazikwa chini ya majivu ya mita moja na zaidi, na sentimita kadhaa zitaanguka mpaka kwenye majimbo ya kati, ambayo ndiyo shamba la Marekani. Nchi hiyo hutoa karibu theluthi ya mahindi yote ya dunia. Meli za kivita zitabaki baharini, kambi za ng'ambo zitabaki, mabomu ya nyuklia hayatayeyuka. Lakini hakuna jeshi linalokula mabomu. Swali la kwanza halitakuwa nani ana silaha, litakuwa nani ana nafaka ya miaka miwili, na je, wananchi wakiambiwa kila mtu achukue kibaba kimoja, wataamini kwamba mkubwa pia anachukua kibaba kimoja?

Kwa ghala, kusema kweli, China imejipanga zaidi. Kwa makadirio ya wizara ya kilimo ya Marekani yenyewe, China inashikilia karibu nusu ya akiba ya ngano ya dunia na zaidi ya nusu ya akiba ya mahindi. Wachina wana historia ndefu ya njaa kuangusha nasaba, na wanaonekana walisoma. Kwa imani, sijui nani angeshinda, maana imani haipimwi kwa magunia. Na kabla uanze kufunga mizigo, wanasayansi wa Marekani wanaofuatilia Yellowstone wanakadiria uwezekano wa mlipuko huo kwa mwaka wowote ni kama moja kwa 730,000. Lala salama. Milipuko ya saizi ya Huaynaputina ndiyo inayorudi mara kwa mara. Pinatubo ya Ufilipino ilikuwa karibu nayo mwaka wa 1991.

Sasa mbona nakuambia haya wewe wa Kayole, wewe wa Kisumu, wewe wa Eldoret?

Kwa sababu ngano nyingi tunayokula Kenya hatuilimi. Tunainunua nje, na kati ya wauzaji wetu wakubwa ni hiyo hiyo Urusi. Nchi ambayo watu wake walikula mbegu mwaka wa 1602 leo ndiyo inayouza ngano nyingi zaidi duniani. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, hakuna kombora lililoanguka hapa, lakini bei ya chapati na mkate tuliisikia. Huo ndio ukubwa wa taifa ninaouzungumzia. Anayeshika ghala la wengine anaweza kukunyamazisha bila kufyatua risasi.

Na kwa imani, si lazima twende Moscow. Mwaka wa 2017 unga wa ruzuku wa shilingi 90 ulitangazwa, na watu wakautafuta dukani bila kuuona. Mwaka wa 2022 ukaja mwingine wa shilingi 100, wiki chache kabla ya uchaguzi, kisha ukaisha. Mwaka wa 2024 mtu akapendekeza mkate utozwe ushuru wa asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya Juni 25, lakini vijana walikuwa wameshaacha kuamini, na mnajua siku hiyo iliishia wapi. Hatukuwa na volkano. Tulikuwa na mkate tu.

Boris Godunov alikuwa na maghala, alikuwa na amri, alikuwa na pesa za kugawa. Alichokosa ni watu wa kuamini kwamba magunia yaliyofichwa na wakubwa yatatoka, na alikosa muda wa kuyatafuta njaa ikiwa tayari mlangoni. Ghala hujazwa mwaka wa mavuno, na imani vilevile. Akiba haiozi, lakini lazima iwepo kwanza.

Mbunge wako akija kwenye mazishi ama harambee wikendi hii, usimuulize kuhusu Yellowstone. Muulize magunia mangapi ya mahindi yako kwenye maghala ya serikali leo, na ni nani aliyeyahesabu kwa macho yake.